Wakati wa Faragha

Kitanda cha mjukuu wangu Yassin kilikuwa cha dirishani, na juu yake, kwenye chuma cha kufungia chandarua, walifunga kamera. Kitu kidogo tu, kisanduku cheupe kama kiberiti, na katikati yake kijicho cheusi. Hakikuwa na sauti wala taa. Siku ya kwanza nilikula chakula nimekipa kijicho kile mgongo, maana sipendi kutazamwa nikitafuna.

Yassin alikuwa na miaka minne. Malaria ilimpanda kichwani, tukamfikisha hospitali hajitambui, macho nusu wazi. Mama yake ni Fadhila, binti yangu wa mwisho. Baba yake Yahaya yupo kwenye malori, leo Rusumo, kesho Kahama. Hospitali inataka mtu mmoja kwa kila kitanda, basi Fadhila akabaki Mabatini kwenye duka letu la vitambaa, mimi nikakaa wodini. Nyumbani wananitania, wanasema Sihaba ukimweka mahali, hata ukirudi baada ya mwaka utamkuta palepale.

Chumba kile kilikuwa cha utafiti. Vitanda vichache, kila kimoja na kamera yake, na wote walikuwa watoto waliopandwa na malaria kichwani. Daktari aliyekisimamia aliitwa Luhende, kijana wa Kisukuma, mrefu, mwenye adabu. Alivuta kiti akakaa chini yangu kidogo kabla ya kusema neno.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, hii malaria hata ikiondoka kwenye damu inaweza kuacha kitu kichwani. Mtoto anapata degedege. Mengine yanakuja kimyakimya, mkono tu unacheza, au jicho. Muuguzi hawezi kumsimamia kila mtoto kutwa nzima. Kamera inaweza. Kompyuta inafuata viungo vyake, goti, kiwiko, kidevu, mpaka vidole, na inahesabu vinavyocheza. Mwenye degedege tunamwongezea dawa. Ambaye hana tunamwondoa kwenye dawa mapema, kwa sababu dawa zenyewe ni kali."

Alipolitaja lile jina nilimshika Yassin mguu. Kwetu halitajwi kwenye kitanda cha mtoto. Ukilitaja umeliita. Sisi tunasema upepo. Lakini daktari ni daktari, sikumkatiza.

"Na hilo jicho," nikamuuliza, "linaona kila kitu? Hata nikimvua nguo?"

Akacheka. "Hapana bibi. Wakati wa faragha unamfunika tu. Kompyuta ikiona amefunikwa inaruka, inasubiri umfunue. Hatuna shida na mambo ya faragha."

"Wakati wa faragha."

"Ndiyo. Faragha ya mtoto unaijua wewe kuliko mimi."

Alisema hivyo kwa mdomo wake, na mimi nikaridhika. Nikaweka sahihi.

Kitanda cha pili alikuwepo mwanamke wa Magu, Kashindye, na mtoto wake Masele, umri sawa na Yassin. Kashindye mkulima wa mpunga, mikono mikubwa, mdomo haupumziki. Ile siku ya kwanza tu alinyoosha kidole kwenye kamera.

"Bibi Yassin, hii kitu inaona hata sisi?"

"Inaona kitanda chote."

"Basi imeniona. Nimemalizia uji wa Masele, nimekunywa halaka halaka."

"Haraka, Kashindye. Sema haraka."

"Si ndiyo nimesema, halaka! Masikio yako ya Kiarabu ndiyo mabovu."

"Uarabu wangu umeishia kwenye pua tu. Masikio ya mama yangu, Mmanyema wa Tabora."

"Wote nyie mnanuka udi."

Wodi nzima ikacheka. Tukawa tunaishi hivyo, yeye na halaka yake, mimi na pua yangu.

Upepo wa Yassin ulikuja mchana, wanawake wengine wakianika nguo. Nilijua kabla haujaanza vizuri. Taya lilikaza, ngumi zikajifunga. Nilikuwa nimekuja na kaniki yangu, nguo nyeusi isiyo na ua wala maandishi. Nikaikunjua, nikamfunika utosini mpaka miguuni, nikaweka kiganja juu ya kifua chake na kumsomea ninayoyajua. Hivyo ndivyo mama alivyonifunza, na hivyo ndivyo alivyowafunika ndugu zangu. Mtoto akiwa kwenye upepo haonwi. Macho ya watu yakimkuta katika hali ile, kitu kinapata njia, kinakaa. Kisichoonwa hupita.

Kashindye alipoona nguo nyeusi aligeuka akaelekea ukutani. Akawaambia na wengine, "Geukeni." Wote wakageuka. Mmoja alikuwa ameinua kijiko, alibaki nacho hewani. Ndiyo adabu yake, Msukuma, Mjita, Mwislamu, Mkristo, pale hakuna aliyehitaji kufundishwa. Mtetemo ulipotulia chini ya kiganja changu, nilingoja kidogo, nikamfunua. Alikuwa amelala, amejilowesha. Nikamfuta. Watu wakageuka tena, mwenye kijiko akala, maneno yakaendelea yalipoishia.

Ulipomjia Masele, Kashindye alikuwa na kitenge tu, chekundu chenye tausi. Akamfunika nacho lakini uso wake haukuwa na raha.

"Hata kwetu ni nyeusi," akasema baadaye.

Fadhila alipokuja saa ya kutazama wagonjwa, nikamwagiza, na kesho yake akaleta pande zima la kaniki kutoka dukani, jipya, bado lina harufu ya rangi.

"Chukua," nikamwambia Kashindye.

"Nitakurudishia, Bibi Yassin. Nitaifua niilete."

"Utaileta na mchele."

"Mchele upi? Mla pilau wewe, gunia halikutoshi."

Kila asubuhi alipita muuguzi, Odeta, binti wa Kihaya, mwepesi wa miguu na mwenye huruma. Alikuwa na watoto wengi wa kuwaangalia na vyumba viwili.

"Shikamoo bibi. Mtoto kaamkaje? Hajapata degedege?"

"Salama, mwanangu. Upepo kidogo tu ulipita jana mchana."

"Upepo? Pole. Hili dirisha nalo."

Akanyoosha mkono akalifunga dirisha. Na kweli toka siku ile dirisha la Yassin lilikuwa likifungwa kila asubuhi, na mimi nililiona jambo la upendo tu, kwamba binti wa watu ameelewa.

Wakaja kuchukua damu, wakaipeleka maabara, wakaja tena. Baada ya muda Daktari Luhende aliingia amekenua. Alisimama kati ya vitanda vyetu viwili.

"Nina habari nzuri. Maabara wametazama damu za hawa mabwana, hakuna mdudu hata mmoja. Na kompyuta toka wameingia haijaona degedege. Hata moja! Si Yassin, si Masele. Wamepita safi."

Mimi na Kashindye tukatazamana. Nitawaambia tulivyoelewa, maana mtu anaweza kudhani tulikuwa tunaficha. Hatukuficha. Tulisikia kwamba lile jicho halijaona kitu, na kwa hesabu zetu hiyo ndiyo ilikuwa ponya yenyewe. Upepo haujaonwa, basi haujapata pa kukaa. Kashindye alipiga vigelegele vidogo, akajiziba mdomo kwa ajili ya wagonjwa. Mimi nilisema alhamdulillahi.

Dawa ya kichwa wakaipunguza, kisha wakaiacha. Masele aliruhusiwa kwanza. Kashindye alimfunga mgongoni, kaniki akaikunja juu ya mfuko wake, akanipungia mkono kutoka mlangoni.

"Usinisahau, Bibi Yassin."

"Njia njema. Usiende halaka halaka."

Alicheka mpaka akapotelea kwenye kona. Yassin yeye walisema Jumatatu.

Ijumaa simu yangu iliita nikiwa namlisha ndizi. Nilipoona ni Kashindye nilianza mimi kwa furaha.

"Mtu wa Magu! Mmefika mmenyamaza!"

Nikasikia kuku, na watu wengi wakizungumza kwa chini.

"Bibi Yassin. Ile kaniki yako sitairudisha."

Nilikaa chini.

"Ulimjia tupo jarubani, kwenye mpunga," akasema. "Nikamfunika. Ukatulia, ukaja mwingine juu ya ule wa kwanza. Nilimfunika vizuri, Bibi Yassin, nilimfunika wote, hakuna aliyemwona hata mmoja. Nikangoja mpaka akatulia kabisa. Nikasema sasa umepita. Nilipomfunua..." Akavuta pumzi. "Tumemzika nayo. Imekuwa halaka sana."

Sikumsahihisha. Nilishika simu mpaka ikakatika yenyewe. Yassin alikuwa ananitazama, ndizi imemjaa shavuni, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya shuka ukitetema kidogo. Nilidhani ni baridi.

Nilimwambia Odeta, Odeta akamwambia daktari. Kesho yake, Jumamosi, Luhende alikuja bila koti jeupe, kompyuta imo kwapani. Macho mekundu. Alinisalimia, nikaitika, akakaa palepale alipokaa siku ya kwanza.

"Bibi, nimetazama picha zote za Masele. Tangu aingie mpaka atoke. Naomba unisaidie kitu kimoja."

Akafungua kompyuta. Nikamwona Masele, hai, amelala chali, na juu ya mwili wake vimewekwa vidoti vya rangi, kwenye magoti, viwiko, kidevu, kila kidole, vimeunganishwa kwa mistari kama mtu wa njiti anayechorwa na watoto mchangani. Masele akigeuka, yule mtu wa njiti anageuka naye. Halafu ukaingia mkono mkubwa, wa Kashindye, na kitu cheusi kikatanda kioo chote. Vidoti vikazimika vyote mara moja. Picha ikaruka. Masele amefunuliwa, amelala, vidoti vimerudi.

"Hapa," daktari akasema. "Na hapa. Na hapa tena. Na kwa Yassin ni hivyohivyo. Hii nguo nyeusi ni ya nini?"

"Si ulituambia tufunike?"

"Mimi?"

"Wakati wa faragha."

"Bibi, nilimaanisha mkimvua nguo. Mkimsafisha."

"Kumvua nguo mtoto wa kiume wa miaka minne kuna faragha gani?" nikamwambia. "Anatembea uchi mtaa mzima. Faragha ya mtoto ni upepo ukimjia."

Mwanamke wa kitanda cha mbele, aliyekuwa anakunja nguo, aliacha kukunja.

"Upepo," daktari akasema taratibu. Akageuka kumtazama Odeta mlangoni. Odeta alikuwa anatazama dirisha alilolifunga asubuhi.

"Wangapi wanafunika?" daktari akauliza.

"Wote," nikasema. "Nani aache mtoto wake wazi?"

Aliifunga kompyuta, akaweka viganja juu yake kama mtu anayezuia kifuniko cha sufuria. "Hata mimi mama alinifunika," akasema. "Misungwi. Naikumbuka harufu ya ile nguo." Alisema kwa sauti ndogo, nadhani hakuwa ananiambia mimi.

Kisha akainuka. Alimrudishia Yassin dawa saa ileile, akaenda kitanda hadi kitanda akiuliza upya, na safari hii akiuliza upepo. Akanirudia mimi mwisho.

"Bibi, dawa zipo za namna mbalimbali. Degedege mengine yanaanzia upande mmoja wa kichwa, mengine kote, na nikimpa isiyo yake naweza kumzidishia. Nahitaji nilione linaanzia wapi. Likija tena, nakuomba, usimfunike."

"Unajua unachoniomba?"

"Najua."

Alikuwa anajua kweli, ndiyo maana sikumkasirikia.

Saa ya kutazama wagonjwa Fadhila alikuja na sato wa kuchemsha na habari za duka. Nikamweleza yote, Masele, nguo, ombi la daktari. Sahani aliiweka chini kwa nguvu, mchuzi ukamwagika.

"Mama, na wewe umekubali? Mtoto apigwe upepo watu wamemkodolea macho, kama sinema?"

"Masele amefunikwa mpaka amekufa."

"Masele amekufa kwa siku zake! Yassin ni wangu. Nimemwacha kwako kwa sababu wewe ndiye unayejua kumfunika."

Neno lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilitaka kumjibu, lakini nikaona taya la Yassin linakaza.

Wodi ilikuwa imejaa. Wajomba, majirani, mabeseni ya matunda, watoto wa watu. Ngumi zikajifunga. Fadhila aliiona pia na akairukia kaniki iliyokuwa kwenye kichwa cha kitanda. Niliivuta, nikaikalia.

"Mama nipe!"

"Mwite daktari."

"Mama, wanamwona! Nipe hiyo nguo, wanamwona!"

Wanawake waligeuka ukutani kwa mazoea, lakini wageni hawakugeuka. Walikodoa macho. Fadhila akaanza kuvua ushungi wake amfunike nao, nikamshika mikono yote miwili. Binti yangu ana nguvu kuliko mimi, sijui nilimshika vipi. Odeta alifika, daktari nyuma yake, na kile kijicho cheusi juu yetu sote.

Nikamtazama Yassin. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kumwona. Watoto wote niliowafunika maishani, wadogo zangu, wanangu, huyu, sikuwahi kuona hata mmoja uso wake ndani ya upepo. Nilikuwa nakijua kitambaa tu, kinavyopanda na kushuka.

Ulianza na kidole gumba cha kulia. Peke yake, kama anayehesabu pesa. Ukapanda kiwiko, bega, shavu la upande ule likavutwa, jicho likakimbilia pembeni likakaa huko. Kisha mwili mzima. Midomo ikageuka rangi ya maziwa yaliyochacha, kisha bluu. Kisha mwili ukalegea, ukatulia. Hapa ndipo ningemfunua. Hapa ndipo siku zote nilikuwa nasema umepita, nampangusa, narudi kwenye maneno yangu na Kashindye.

Haukuwa umepita. Kidole gumba kilikuwa bado kinacheza. Na jicho, chini ya kope, bado lilikuwa linagonga pembeni, linagonga, linagonga. Kifua kilitulia lakini kidole kiliendelea, na kikaendelea, daktari amepiga magoti ananong'ona na Odeta, wakichoma sindano, wakingoja, wakichoma nyingine. Muda wote ule. Muda ambao kila siku nilikuwa namwacha, nikidhani ni usingizi.

"Upande wa kushoto wa ubongo," daktari akasema. "Sasa nimeliona. Sasa najua."

Fadhila alikuwa amekaa sakafuni, ushungi mapajani, kichwa wazi mbele za wanaume.

Walimbadilishia dawa. Upepo ukapungua, ukawa wa mara mojamoja. Yassin hakufa. Hilo nalisema kwanza kila ninapoulizwa. Lakini mkono wa kulia umebaki umekunjika kama wa kuku, na maneno aliyokuwa nayo, yote aliyokuwa nayo, bibi, mama, ndizi, lori la baba, hayakurudi. Anatoa sauti moja tu, ndefu, na sisi tunabahatisha.

Daktari anasema uharibifu ulifanyika siku za mwanzo, wakati degedege yalipokuwa yanapita hayajaonwa. Fadhila anasema mtoto wake alikuwa anazungumza mpaka siku ile nilipomwacha wazi watu wakamwona. Tunaishi nyumba moja, na hakuna anayemshawishi mwenzake. Ananipikia, ananiamkia shikamoo kila asubuhi, na hanitazami.

Luhende alikuja Mabatini baadaye kuomba ruhusa. Katika picha zao zote za mwanzo, ile ya Yassin ndiyo pekee inayoonyesha degedege zima, tangu kidole cha kwanza mpaka mwisho, na alitaka kompyuta yake ijifunzie humo. Fadhila aliingia ndani akafunga mlango. Mimi nilimwambia achukue. Akanieleza kwamba siku hizi wakimpokea mtoto wanamwambia mama yake, upepo ukija msimfunike, na lile neno faragha wamelitoa. Nilimuuliza kama amefika Magu kwa Kashindye. Akasema amefika.

Juzi upepo ulimjia tena. Ilikuwa mchana, Yassin yuko mkekani uani, mimi nachambua mchele alionitumia Kashindye, maana alituma, gunia zima, kupitia kwa dereva. Kidole gumba kikaanza. Nikasukuma ungo pembeni, nikamlaza ubavu kama tulivyofundishwa, nikakaa namtazama.

Fadhila alitoka jikoni mbio. Alikuwa ametwaa kaniki, ileile ya hospitali, imekunjuliwa mikononi. Nikajua safari hii sitaweza kumshika, mikono yangu ilikuwa na kazi. Alifika mpaka miguuni kwa mwanawe, akasimama. Kisha akageuka, akatupa mgongo, akaelekea ukuta wa jirani na nguo yake kifuani.

Mwili wa Yassin ulikaza, ukapiga, ukalegea. Kuku walirudi kwenye mchele.

"Umepita, mama?" Fadhila akauliza, bado ameelekea ukutani.

Nikainama karibu zaidi. Nikatazama jicho, nikatazama kidole.

"Bado," nikamwambia.